Upande wa Pili wa Kadi

Rosario, Cavite
14 Oktoba 2018

Tiya Sepa,

Najua huko ndani unaitwa Sista Maria Asunta, na kwamba Mama Mkuu hupitisha macho kwenye kila barua inayoingia. Salamu zangu kwake, na aniwie radhi. Wewe ni mama mdogo uliyenisuka nywele kabla hujaingia utawani, na siwezi kukuandikia kana kwamba naandikia sanamu. Utabaki Tiya Sepa mpaka mmoja wetu azikwe.

Huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anaoka bibingka, mikate yake ya mchele, kila alfajiri na kugombana na mteja wa kwanza ili siku ianze vizuri. Kaka Dodong amefunga ndoa Jumamosi iliyopita. Wingu lilitanda toka asubuhi, mpishi akaanza kufunika masufuria, halafu likapita bila tone. Mama anasema ni yale mayai kumi na mawili aliyowatumia mumwombe Santa Klara azuie mvua, na sasa anasimulia harusi kama vile aliifunga yeye na Santa Klara, bwana harusi alialikwa tu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Nimepata kazi, Tiya! Mimi ndiye mshauri nasaha wa kiwanda kimoja cha vifaa vya umeme humu eneo la viwanda. Aliyenitangulia alikaa mezani miaka miwili akisubiri watu. Hawakuja, maana kuonekana unaingia mlango ule ni aibu, utaulizwa na mtaa mzima una kichaa gani. Mimi nimeambiwa nilete nilichosomea, saikolojia chanya. Badala ya kumuuliza mtu nini kimeharibika, unamuuliza nini kinaenda sawa, tabia gani njema ndiyo nguvu yake, ni kazi gani akiishika anasahau saa. Unaanzia hapo, na mtu ananyanyuka. Kila mfanyakazi anapewa kadi kila siku, anaandika mambo mema matatu aliyoyaona, anaitumbukiza kwenye sanduku la idara yake.

Cheka tu. Chuo kimenishika miaka mitano kunifundisha ulichonifundisha wewe ndani ya chandarua: taja matatu, halafu lala.

Mkataba ni hadi mwisho wa Machi. Bwana Samonte, meneja utumishi, amesema watu wakipunguza kukosa kazi nitaajiriwa moja kwa moja. Niombee. Mayai yanakuja.

Mpwa wako,
Luningning


Monasteri, Ilocos
5 Novemba 2018

Ning wangu,

Amani ya Bwana ikukute umekula. Mayai yamefika, mawili yamepasuka, tukayala siku hiyohiyo kwa nia yako. Mwambie mama yako magoti yake namwombea, lakini ulimi wake nimeshamwachia Mungu mwenyewe.

Sisi hatujambo. Nashukuru wamenitoa kwenye mashine ya kukata hostia za misa, sasa nafunga pakiti, kazi ya kukaa. Nashukuru Sista Rafaela hunisomea zaburi kwa sauti, na ana sauti nzuri kuliko tabia yake. Nashukuru mvua imeisha na ua wa ndani umekauka. Hayo ndiyo matatu yangu. Ukiyaona kwenye masomo yako na jina refu juu yake, waambie walimu wako yametoka kwa mwanamke aliyeshindwa hesabu.

Nimecheka, ndiyo. Halafu sikucheka. Wakati ule wa chandarua, ulikuwa ukitaja matatu nami nakutazama usoni. Kadi haina uso. Watu elfu wanaandika wanachojua unataka kusoma, na wewe ni mtu wa kwetu, unajua tulivyo: hatumharibii mtu mwenye nia njema siku yake. Sisemi uache. Nasema watazame usoni.

Najua utataka kuja Krismasi. Usije mwaka huu. Chumba cha wageni kinakarabatiwa, vumbi tupu. Nakutumia mfuko wa mabaki ya hostia, yale ya pembeni yasiyobarikiwa, ya kutafuna, usile peke yako.

Majilio yakianza hatuandikiani mpaka Krismasi ipite, unajua kanuni yetu. Jibu kabla.

Tiya Sepa


Rosario
24 Novemba 2018

Tiya,

Natumaini barua hii inawakuta salama kabla hamjafunga midomo. Mama anakohoa kidogo. Mke wa Dodong ameshapata mimba, naye Mama anahesabu miezi kwa vidole hadharani mpaka tunaona haya. Mabaki ya hostia niliyapeleka kazini, yakaisha kabla ya chai kupoa.

Tiya, inafanya kazi! Watu wameacha kukosa kazi hovyo. Kwenye mapumziko nawasikia wakitaniana kwa kadi. Juzi mmoja alinifuata: “Madam Ning, jambo la tatu leo limegoma kabisa. Niandike nimeona wanaume wawili wazuri, niwahesabu mbalimbali?” Mwingine akadakia: “Wazuri wapi, na humu tuna wewe na feni?” Zamani chumba cha mapumziko kilikuwa kimya kama wodi.

Na wanakuja kuniona. Nikupe mfano bila kukupa siri. Yuko mama mmoja wa miaka arobaini na moja, Herminia, wote tunamwita Ate, dada mkubwa. Anafanya kazi chumba cha kuoshea, wanawake wanane wanaofuta mabamba ya vyuma kwa dawa kabla hayajafungwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

“Madam, samahani kukupotezea muda. Chumba cha kuoshea kimenichosha. Kama kuna nafasi kwenye kufunga maboksi, ningeomba.”

“Kimekuchosha vipi, Ate?”

“Kimenichosha tu, Madam. Wako wenye shida kubwa kuliko mimi.”

Nikampa lile jaribio la nguvu za tabia. Uvumilivu wake umetoka wa kwanza kati ya nguvu ishirini na nne, juu kuliko mtu yeyote niliyempima. Nilipomwonyesha alitabasamu, akaniambia hajawahi kuambiwa ana namba moja ya kitu chochote. Tukapanga jinsi atakavyoutumia ule uvumilivu, kila siku kwa namna mpya, akiwa palepale alipo. Akarudi kazini. Nimemwandika kwenye jarida la kiwanda na picha yake ukutani: Mfanyakazi Anayechanua. Bwana Samonte amenipigia makofi mbele ya wakubwa.

Kuhusu uso uliosema, nimewatazama. Wanatabasamu.

Majilio mema.
Ning


Monasteri
9 Januari 2019

Ning,

Heri ya mwaka mpya, wewe na mama yako na huyo anayekuja tumboni. Usishangae mwandiko kuwa mkubwa na mistari kupanda mlima. Wameniletea kalamu nene, na mimi sipendi kurudisha zawadi.

Nashukuru ngazi za kanisa letu ni kumi na nne kwenda na tatu kugeuka, nimezijua mpaka nazipanda nikiwaza mambo mengine. Nashukuru jikoni wananipa mimi kuchambua mchele kwa vidole, kazi ya amani. Nashukuru barua yako, nimeirudia mara tatu.

Mara ya tatu nilikwama pale kwa Ate Herminia. Alisema “kimenichosha tu.” Ning, mwanamke wa kwetu akisema “tu”, vuta kiti ukae. Kimemchosha wapi? Mgongo? Roho? Alikuja kuomba atoke kwenye chumba, akatoka kwako na sifa, akarudi chumba kilekile. Ulimuuliza mara ya pili? Na kwenye kadi zake huwa anaandika nini?

Nijibu hilo. Mengine yote yanaweza kungoja.

Tiya Sepa


Rosario
2 Februari 2019

Tiya,

Salamu. Mama hajambo, kikohozi kimeisha. Huku joto limeanza mapema.

Kwa heshima zote, ushauri nasaha una taratibu zake. Mtu mzima akija na ombi hatumchimbi kama kisima, tunamsaidia aone alicho nacho. Kadi sizisomi moja moja. Niliahidi kuwa ni zao, natazama tu idadi. Herminia hajambo.

Umesema chumba cha wageni kinakarabatiwa. Binamu Lito alipita huko mwezi uliopita kuleta mayai, anasema hakuna ukarabati wowote. Kwa nini umenikataza kuja?

Ning


Rosario
27 Februari 2019

Tiya yangu,

Leo sina salamu ndefu, nisamehe. Mama mzima, mke wa Dodong mzima. Mimi si mzima.

Nilikudanganya. Nilipoandika “Herminia hajambo,” siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nimemwona korido ya chini akitembea huku ameshika ukuta. Nikampungia mkono. Akanipungia, akatabasamu, nami nikaenda zangu kuandika barua.

Tarehe 12 ameanguka kwenye ngazi za kiwanda. Hakuteleza. Wanasema mguu ulikunjika kama si wake. Daktari amempima akakuta ganzi toka nyayo hadi magoti, na viganja pia. Mishipa ya fahamu imeliwa. Ameuliza anashika dawa gani kazini, na dirisha la chumba hicho liko wapi. Dirisha hamna, Tiya. Kuna feni moja inayozungusha hewa ileile. Mume wake amepeleka malalamiko ofisi ya kazi.

Sikiliza sasa. Bwana Samonte aliniita, akanipa masanduku ya kadi. Nichague nzuri nzuri, za chumba cha kuoshea hasa, maana zitapelekwa kwa mkaguzi kuonyesha kuwa watu wana furaha. Kwa hiyo nikazisoma. Kwa mara ya kwanza nikazisoma moja moja, za Herminia nikazipanga kwa tarehe. Nakunakilia:

Oktoba 22: Nashukuru leo sikuangusha kijiko.
Novemba 13: Nashukuru Teting alinifungia vifungo vya sare.
Novemba 21: Nashukuru Madam Ning alinisikiliza.
Desemba 6: Nashukuru viatu vya plastiki, havina kamba.
Januari 10: Nashukuru ngazi zina mahali pa kushika.

Na si yeye peke yake. Wenzake nao: nashukuru kizunguzungu kilikuja baada ya kumaliza kazi. Nashukuru mwanangu sasa anajua kunichania nywele. Tiya, walikuwa wananiambia kila siku, kwa miezi minne, kwa njia pekee niliyowaachia. Niliwaambia kadi ni ya mema tu. Wakaona haya kuniharibia kadi yangu, wakayafunga maumivu ndani ya shukrani, wakanipa. Na mimi nikahesabu makaratasi.

Wamenitengenezea hati ya kiapo. Inasema mimi, mshauri mwenye leseni, nathibitisha kuwa katika kadi zote hakuna lalamiko hata moja, na kwamba Herminia alipokuja kwangu hakutaja ugonjwa. Bwana Samonte anaongea kwa upole, kama mjomba.

“Hatukuombi uongo, Ning. Soma mwenyewe. Kuna neno hata moja la uongo hapo?”

Hakuna. Kila neno ni kweli, na nikiitia saini hati hiyo Herminia amekwisha. Atakuwa mwanamke aliyeugulia nyumbani akaja kusingizia kiwanda, na wenzake saba wataendelea kupumua mle ndani. Nisipotia saini, mkataba wangu unakufa Machi 31 na hakuna kiwanda hapa kitakachonigusa. Tena ni mimi niliyemrudisha mle, Tiya. Alikuja akaniomba atoke.

Kikao ni tarehe 20 Machi. Jumatano ya Majivu ni tarehe 6, na baada ya hapo ninyi ni kimya mpaka Pasaka. Nijibu kabla. Niambie nifanye nini. Tafadhali, hata mstari mmoja.

Ning


Rosario
23 Machi 2019

Tiya,

Jibu halikuja. Kila siku nilimngoja mtu wa posta getini mpaka akaanza kunipita kwa upande wa pili wa barabara. Najua barua hii itakaa kwenye kikapu cha Mama Mkuu mpaka Pasaka, lakini naandika hivyohivyo, maana nisipokwambia wewe nitamwambia nani.

Jumapili kabla ya kikao nilikwenda kwa Herminia. Alikuwa kitandani, miguu imefunikwa koti la mvua la plastiki, maana kwake shuka na plastiki ni mamoja, hahisi. Wenzake watano wa chumba cha kuoshea walikuwepo, wamemletea wali na samaki mkavu. Niliposimama mlangoni wakaweka vijiko chini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nikaanza kwa kumshukuru kwa kunipokea.

“Usinishukuru, Madam,” akasema. “Shukrani zimenitosha.”

Nikavua viatu, nikaketi sakafuni.

“Nilikuja kwako na miguu,” akasema, “ukanirudishia sifa. Mume wangu aliponiona natabasamu akadhani nimehamishwa.”

“Mbona hukuniambia, Ate? Mbona hukusema ni ganzi?”

“Ningekwambiaje? Ulikuwa umefurahi hivyo.” Akageuza kichwa kwa mwenzake. “Teting, nipe kadi.” Teting akatoa kadi tupu mfukoni, bado wanazo. Herminia akaishika kwa viganja viwili, vidole havifungi tena. “Kadi ina upande wa pili, Madam. Mbona ulituambia tusiugeuze?”

Nililia, Tiya. Hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa haki yao. Nilipomaliza nikawaeleza kiapo kinasema nini. Nikawaambia sitatia saini, lakini kadi zitapelekwa kikaoni hata bila mimi, kiwanda ndicho kinachozipeleka. Nikawauliza kama wanataka zisomwe na wao wenyewe. Ni zao, niliahidi, na bila ruhusa yao sitafungua mdomo. Wakabishana. Mmoja ana mtoto chuoni. Mmoja mume wake ni dereva wa kiwanda hichohicho. Teting alikataa katakata: “Mimi nikipoteza kazi hii, mtanilisha kwa shukrani?” Hakuna aliyemlaumu. Wanne walikubali, na Herminia wa tano.

Siku ya kikao mwanasheria wa kiwanda aliweka masanduku mezani, akasema humu hakuna lalamiko hata moja. Mkaguzi, mama mmoja mfupi mwenye miwani inayoning'inia, akaniuliza mimi mshauri kama ni kweli.

“Ni kweli,” nikasema. Bwana Samonte akaegemea kiti. “Hakuna hata moja. Naomba wenye kadi wazisome wenyewe, kwa tarehe.”

Mwanasheria akapinga, kwamba hizo ni siri za ushauri nasaha. Mkaguzi akamuuliza nani aliyezileta. Akafunga faili lake.

Basi wakasoma, Herminia kwenye kiti ambako mume wake alimbeba na kumketisha. Sauti zilikuwa ndogo, kama wanasoma majibu ya mtihani walioshindwa. Nashukuru sikuangusha kijiko. Nashukuru mwanangu anajua kunichania nywele. Kadi ya nne au ya tano mkaguzi alivua miwani. Akawaambia wafungue kifungo cha juu cha sare na kukifunga tena. Kitu hicho tu. Nikatazama wanawake watano wakihangaika na kifungo, dakika nzima, wakicheka kwa aibu, wakiombana radhi, na Bwana Samonte akitazama dari. Halafu kutoka benchi la nyuma Teting akasimama, hakuwa amesema atasimama, akaja mbele akajaribu chake. Naye hakuweza.

Chumba kimefungwa siku ileile mpaka kiwekewe mabomba ya kuvuta hewa na dawa ibadilishwe. Wote wanane wanapelekwa kupimwa. Daktari anasema mishipa hukua tena, polepole, si yote. Herminia anaweza kutembea mwakani, anaweza asitembee. Hajaniambia amenisamehe, nami sijamuuliza. Bwana Samonte alinipitia mlangoni: “Tulikupa familia hapa, Ning.” Asubuhi yake kitambulisho changu kilikataa kufungua geti.

Jana Herminia alinitumia ujumbe kwa Teting, kwamba ukumbi wa parokia uko wazi leo saa tisa mchana na nilete kadi. Upande mmoja kinachoenda vizuri, upande wa pili kinachouma, na kila mtu asome pande zote mbili mbele ya mwenzake. Si mimi niliyebuni. Nilichosomea hakikuwa uongo, Tiya, nimeona kwa macho yangu walivyonyanyuka, na hata leo ukumbini walianza na jema, wakacheka, ndipo wakapata nguvu ya kugeuza. Kosa langu ni kuwaambia wasigeuze.

Sasa ngoja nikugeuzie lako.

Baada ya kikao nilizitoa barua zako, nikazisoma nilivyozisoma kadi za Herminia. Nashukuru wamenitoa kwenye mashine ya kukata. Nashukuru Rafaela hunisomea. Nashukuru nimezijua ngazi kwa hesabu. Nashukuru nachambua mchele kwa vidole. Kalamu nene. Mistari inayopanda mlima. Usije, chumba kina vumbi. Na barua mbili za Februari ambazo hukuzijibu, wewe ambaye ungetoroka kwa dirisha kuleta jibu.

Tiya, unapofuka?

Mimi nilijifunza kwako kuficha. Nilikuwa na miaka tisa. Siku unaondoka kwenda utawani ulipiga magoti kituo cha basi ukaniambia, Ning, taja mema matatu ya leo. Nikataja: gauni jipya, mkate wa nazi, na kwamba utaniombea. Ukanisifu ukapanda basi. Lilikuwepo la nne na sikulisema, kwa sababu ulikuwa umefurahi hivyo. La nne lilikuwa usiende.

Nimesema. Nimechelewa miaka ishirini na moja.

Ning


Monasteri
23 Aprili 2019

Ning,

Kristo amefufuka, na mimi nimeketi kwenye kibao cha jikoni nikisema, Sista Rafaela akiandika. Ameahidi kuandika neno kwa neno bila kurekebisha, na akirekebisha nitajua kwa kuwa itapendeza. (Sirekebishi. R.)

Barua zako tatu nimesomewa Jumatatu ya Pasaka, moja baada ya nyingine. Ile ya pili ya Februari ilifika siku tatu kabla ya Majivu. Nilikaa nayo mkononi. Kumwomba Rafaela aisome ilikuwa ni kukiri kwamba siwezi tena, na nikajiambia kesho mwanga utakuwa mzuri zaidi, kesho. Mpaka kengele ya Kwaresima ikagonga. Uliniomba mstari mmoja, nami nilikuwa nalinda aibu yangu. Hilo ndilo lililotokea, sina jina zuri la kulipa.

Nawe ukafanya bila mimi. Ningekwambia nini, hata ningeisoma? Pengine ningekwambia usali na utie saini. Namshukuru Ate Herminia kuliko ninavyojishukuru mimi. Mwambie, kama anaruhusu kushukuriwa.

Upande wa kwanza, basi, kama mnavyofanya ukumbini. Mtoto wa Dodong nimesikia anapiga mateke tumboni kwa hasira za mama yako, masikini. Rafaela amejifunza kunyamaza ninapopanda ngazi. Na wewe umeniuliza swali ambalo humu ndani miezi minane kila mtu alikuwa na adabu ya kutoniuliza.

Geuza karatasi.

Jicho la kulia limekwisha toka Agosti. La kushoto naona kama kupitia mvuke wa chuma cha hostia, na daktari amesema nalo litafuata, ni presha ya macho, tulichelewa. Nilikuwa sitaki ijulikane. Watu wanapanda mlima huu na mayai yao kumwomba Santa Klara awaponye macho, na mfunga pakiti wake anajigonga milangoni. Niliona nitamtia aibu. Asubuhi nikiamka hukaa muda bila kufumbua, nisijue kama leo ndiyo siku yenyewe. Naogopa, Ning. Nimekaa humu miaka ishirini na moja nikiwafundisha wanovisi, masista wanaoanza, wasiogope, na naogopa.

Na kituo kile cha basi. Uliposema matatu yako nilikutazama usoni, nililiona la nne limesimama palepale. Nilikusifu haraka ili lisitoke, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Lingetoka lako, langu lingetoka, nisingepanda. Sijutii kupanda. Najutia kukusifu.

Langu nalisema leo, Rafaela aandike kwa herufi kubwa kama zangu: NJOO TWENDE WOTE. Huwezi, najua, hata siku ile usingeweza. Lakini chumba cha wageni ni safi, hakijawahi kukarabatiwa, na Mama Mkuu amekubali wafungue wavu wa chuma unaotutenga na wageni ili nikushike uso kwa mikono, maana macho hayatanitosha.

Njoo Jumamosi. Mayai yaache, njoo wewe.

Tiya Sepa